Wiski ya Muzee Télesphore

Mtu wa Goma akisikia harufu ya moshi asubuhi, hafikirii jiko la jirani. Anatoka nje kwanza, anautazama mlima. Ndivyo alivyofanya Nshobole siku ile. Alitoka na kitenge kimefungwa ovyo, miguu mitupu juu ya makoro, yale mawe meusi ambayo mlima ulitumwagia, akainua macho kuelekea Nyiragongo, mlima wa moto. Mlima ulikuwa umetulia na wingu lake kichwani. Akamshukuru Bikira Maria, akarudi ndani.

Moshi ulikuwa ndani.

Haukuwa wa makaa wala wa mafuta yaliyoungua. Ulinuka udongo wa bonde uliochomwa, na nyuma yake kulikuwa na harufu ya dawa ya vidonda, ile ya hospitali. Nshobole aliufuata kwa pua mpaka sebuleni. Huko, juu ya meza ndogo, alikuta glasi mbili, kila moja ina kinywaji cha rangi ya asali, kidogo tu, chini kabisa. Moja ilikuwa mbele ya kiti cha mumewe. Nyingine ilikuwa mbele ya kiti cha wageni.

Sasa, Munguakonkwa mumewe alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Aliuza paneli za sola mjini, Mkatoliki wa upande wa Bukavu kama mkewe, na pombe haikuwa shida yake hata kidogo. Ugonjwa wake ulikuwa kukusanya chupa. Alikuwa na kabati la vioo lililojaa wiski, konyaki na mvinyo wa zamani, akizipangusa kila Jumapili baada ya misa, moja moja, kama mama anayeogesha watoto. Hakuwahi kufungua hata moja. Nshobole alizoea kuwaambia wenzake kwamba ameolewa ndani ya baa ambayo haiuzi wala hainyweshi.

"Papa Joyeuse," alimwita mumewe kwa jina la binti yao wa pekee, "jana ulikunywa na nani?"

"Mimi? Nilikunywa nini?"

"Na hii hapa? Ni chai?"

Munguakonkwa alikuja akiwa bado anafunga vifungo vya shati. Aliinama akanusa, na uso ukambadilika. Hakuwahi kuionja wiski ile, lakini alikuwa amesoma habari zake mpaka akazijua kama sala ya Baba Yetu: jinsi huko Uskoti wanavyochimba udongo wa bondeni penye majimaji, wanaukausha, wanauchoma ili moshi wake ukaushe shayiri, na jinsi moshi ule unavyobaki ndani ya kinywaji hata kikilala miaka arobaini kwenye pipa. Alikimbilia kabati. Akatoa sanduku la mbao, akalifungua, akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Lakiri nyekundu ya mdomoni ilikuwa nzima, haina hata ufa. Lakini wiski iliyokuwa imejaa mpaka shingoni sasa ilikuwa imeshuka kwenye mabega.

Alimpigia simu rafiki yake Darius, mkusanyaji mwenzake aliyeko Kigali. Alirudi amefurahi nusu.

"Darius anasema haiko shida. Wiski ikizeeka inapungukaka yenyewe. Huko Wazungu wanasema ni sehemu ya malaika. Malaika wanakunywa kidogo kidogo."

Nshobole alimtazama, akatazama na glasi zile mbili.

"Papa Joyeuse, malaika gani huyo, anakunywa, halafu anakumiminia na weye?"

Mke alichukua zile glasi, akamwaga kinywaji nje juu ya makoro, akaziosha kwa sabuni mara mbili. Alijua chupa ile imetoka wapi.

Ilikuwa ya muzee Télesphore. Huyu alikuwa mfugaji kutoka milima ya Masisi, mtu mrefu mwenye fimbo ya kuchungia ambayo hakuiacha hata mjini. Zamani alimfanyia kazi daktari wa ng'ombe, Mskoti, na siku yule daktari alipoondoka alimwachia chupa moja ya nyumbani kwao, kutoka kiwanda ambacho baadaye kilifungwa kabisa. Hazikubaki nyingi duniani. Télesphore aliificha kwenye sanduku la nguo, akakimbia nayo vita hii na vita ile, mpaka akajenga Munigi, hapo juu kidogo ya Goma. Aliposikia kuna kijana mjini anayependa chupa, akaja kuona. Tangu hapo alikuja kila Jumapili saa kumi na mbili jioni.

Alikuwa na mambo mawili ambayo yalimchekesha Nshobole. La kwanza, hakunywa kitu, hata maji, kabla mwenye nyumba hajakionja mbele yake. Desturi hiyo ni ya Kivu nzima, kwa sababu ya karuho, sumu ya watu wenye wivu, lakini wengine huifanya kwa mzaha tu. Yeye aliifanya kama sakramenti. La pili lilikuwa adabu ya kusindikizana. Munguakonkwa alimsindikiza mpaka barabarani. Muzee akasema haifai kijana arudi peke yake, akamrudisha mpaka mlangoni. Munguakonkwa akaona aibu, akamsindikiza tena. Nshobole alikuwa akiwachungulia dirishani wakipita huku na huku, anacheka mpaka machozi.

Kisha muzee akaugua. Kabla ya kufa alimwita Munguakonkwa, akamwekea chupa mikononi. Nshobole alikuwepo, alisikia kwa masikio yake.

"Siku ya kuondoa kilio changu, ufungue hii," muzee alisema. "Onja weye wa kwanza. Halafu unipe yangu. Nimeibeba miaka yote bila kuionja."

Munguakonkwa aliahidi. Lakini siku ya kuondoa kilio, ya kumaliza matanga, ilipofika, alipeleka Munigi makreti ya bia, mengi, kila mtu akasifu, na ile chupa ikabaki kabatini. Nshobole alimlaumu siku hiyohiyo. Mume alisema muzee alikuwa mgonjwa, mgonjwa husema mengi. Alisema Darius amemwambia ukiifungua huna chupa tena, una pombe tu. Ahadi ni deni, mke akamjibu, na deni la marehemu lina miguu. Wakanuniana, yakaisha. Ndiyo maana asubuhi ile ya moshi Nshobole aliosha glasi mara mbili.

Kesho yake glasi zilikuwa mezani tena. Na keshokutwa. Nshobole alizificha jikoni chini ya sufuria, zikarudi. Alinyunyiza sebuleni maji ya baraka kutoka parokia, na asubuhi kinywaji kilikuwa palepale, mbele ya kiti cha mume na mbele ya kiti cha mgeni, hakijaguswa, na chupa ndani ya sanduku imeshuka kidogo tena chini ya lakiri nzima. Saa kumi na mbili jioni, umeme ukikatika kama kawaida yake, walianza kusikia kitu. Kwanza kiti cha wageni kililia, kama kinavyolia mtu mzito akikaa. Halafu glasi iligongwa juu ya meza, mara moja, polepole, kama mgeni mwenye adabu anayekumbusha kwamba yupo.

"Unasikia?" Nshobole alinong'ona.

"Ni panya."

"Panya anagonga glasi?"

"Nyamaza, mutoto atasikia."

Mtoto alikuwa amesikia zamani. Joyeuse alikuwa na miaka saba, msichana wa maswali mengi na magoti yenye makovu, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka asubuhi moja ya Jumatatu. Nshobole alimkuta sebuleni amekaa kwenye kiti cha baba yake, miguu haifiki chini, ameshika glasi ya baba yake kwa mikono miwili.

"Nimeonja tu kidogo, Mama," alisema, anakunja uso. "Inachoma."

Nshobole alimpokonya. Ndipo alipoona glasi ya pili, ile ya mgeni. Kwa mara ya kwanza ilikuwa tupu.

Tangu siku hiyo pumzi ya mtoto ilinuka moshi. Alikataa bugali, alikataa hata sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani alivyokuwa akivigombania, alitaka maji tu, na akishayanywa alilia kwamba koo bado kavu. Magoti yalianza kuonekana makubwa kuliko mapaja. Daktari alimpima malaria, tumbo, damu, hakuona kitu. Na kila jioni giza likianza kuingia, popote alipokuwa, alisimama akaenda sebuleni, akapanda kwenye kiti cha baba yake.

"Karibu, muzee," wazazi walimsikia akisema kule ndani, kwa sauti ya mtu mzima mwenye nyumba yake. "Ikala. Habari ya njia?"

Walibaki wamesimama nyuma ya pazia. Mtoto alisema, akanyamaza kama anayesikiliza, akacheka kidogo, akasema tena, na katikati ya maneno yake ilisikika sauti ya kinywaji kinachomiminwa ambapo hakuna mkono unaomimina, na glasi ikitua, na ncha ya fimbo ikigusa sakafu taratibu, tok, tok, kama muzee Télesphore alivyozoea kufanya akiwa anafikiria jibu. Jioni moja Munguakonkwa aliingia kumtoa. Alimkuta mzito, hawezi kumwinua, mtoto yule ambaye mchana mama yake alimbeba kwa mkono mmoja.

Jioni ile, aliposhuka mwenyewe na kulazwa, Nshobole alimwinamia.

"Mutoto yangu, muzee anakuambia nini?"

"Anasema nimemukaribisha vizuri." Joyeuse alifumba macho. "Anasema chupa ikiisha ataenda kwake. Atafurahi nimusindikize."

Nshobole alitoka chumbani akaenda moja kwa moja kwenye kabati. Aliinua chupa. Ilikuwa imebaki robo. Akataka kuipasua ukutani, akakumbuka kwamba chupa ikiisha ndipo mgeni anaondoka na mtoto, akairudisha mahali pake polepole kuliko mumewe alivyowahi kuirudisha, kisha akakaa chini sakafuni akalia. Alimchukia mumewe usiku ule. Alimchukia na bado alitaka amshike.

Asubuhi alipanda pikipiki mpaka Munigi, kwa Mama Joviale, mjane wa muzee Télesphore. Mjane alikuwa anapepeta maharage mbele ya nyumba, na kaburi la mumewe lilionekana pale nyuma, mwisho wa shamba, limezungushiwa makoro. Alisikiliza yote bila kusimamisha ungo.

"Mulikuwa munamwaga ile ya kwanza?" aliuliza.

"Nilimwaga. Niliogopa."

"Alikuwa anangojea bwana yako aonje. Bwana yangu hawezi kukunywa kitu ambacho mwenye nyumba hajaonja, weye unamujua. Alimumiminia kila siku, bwana yako hakuonja. Sasa mutoto ameonja." Akaweka ungo chini. "Mwenye kuonja njo mwenye nyumba, ndiye huyo, Mama. Na mwenye nyumba njo anasindikizaka mugeni."

"Mutoto yangu ataenda wapi naye?"

Mama Joviale alitazama kule mwisho wa shamba, kaburini.

"Bwana yako afungue chupa leo," mjane alisema baadaye, kwa upole. "Avunje lakiri mbele yake. Aseme mimi njo mwenye nyumba. Aonje, amupe, wamalize, na yeye mwenyewe amusindikize mpaka hapa. Hakuna dawa ingine. Bwana yangu hakuwa mutu mubaya. Alipenda tu kupokelewa."

Munguakonkwa alipoambiwa, hakubisha. Alikuwa amekonda kama bintiye. Lakini jioni ilipokaribia, alipoitoa chupa sandukuni na kushika kisu, mkono wake uligoma juu ya lakiri, na Nshobole aliona wazi kwamba hata sasa, hata na mtoto anahema moshi chumba cha pili, sehemu fulani ya mtu huyu ilikuwa inaihurumia chupa.

"Papa Joyeuse," alisema. "Minakuomba."

Kisu kikashuka. Lakiri ilipasuka, kizibo kikatoka kikilia, na nyumba nzima ikajaa moshi wa udongo wa mbali.

Nshobole alikwenda kumshika mtoto. Alimfunga kwa kitenge mgongoni kama kichanga, akafunga mlango wa chumba, akauegemea kwa mwili wake wote. Umeme ulikatika. Joyeuse alianza kuwa mzito na kujinyonganyonga mgongoni.

"Papa ameikala kwenye kiti yangu," alilia. "Mama! Papa ameikala kwenye kiti yangu!"

"Nyamaza, mama. Nyamaza."

Kutoka sebuleni ilikuja sauti ya mumewe, nyembamba, inapasuka.

"Muzee, karibu. Mimi njo mwenye nyumba. Mutoto alikosea. Chupa yako hii hapa, nilikosa, unihurumie. Ninaonja."

Akakohoa, na kiti cha wageni kikalia, na glasi ikagongwa, na Nshobole, mgongo wake umeloa jasho lake na machozi ya mtoto, akaanza kusikia wakinywa, mmoja anameza kwa shida na mwingine anameza polepole, kwa raha, kama mtu aliyetembea kiangazi kizima na chupa begani bila ruhusa ya kuifungua, na kati ya funda na funda mumewe alijibu maswali ambayo yeye hakuyasikia, ndiyo muzee, biashara inaenda, ndiyo muzee, mvua imechelewa, na kadiri chupa ilivyopungua sauti yake ilizidi kuwa ndogo, na kadiri sauti ilivyozidi kuwa ndogo mtoto mgongoni alizidi kuwa mwepesi, mpaka mwisho alikuwa na uzito wake wa kawaida, uzito wa msichana wa miaka saba aliyesinzia.

Chupa tupu ilitua mezani. Viti vilisukumwa nyuma, vyote viwili.

"Nikusindikize, muzee," Munguakonkwa alisema.

Mlango wa mbele ulifunguliwa. Juu ya makoro ya uani zilisikika hatua za viatu vya mtu mmoja, na pembeni yake fimbo, tok, tok, zikienda kuelekea barabara ya Munigi.

Joyeuse aliamka baada ya muda mfupi akaomba chakula. Nshobole aliwasha mshumaa, akampashia bugali na sambaza, akamtazama akila mpaka akalamba vidole. Pumzi yake ilinuka samaki, na kwa mama yake hakukuwa na harufu nzuri kuliko hiyo. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Nshobole alisema kwa sauti kwamba wahenga hawakuishi nyumba hii. Mtoto akacheka bila kuelewa, akalala.

Mama hakulala. Usiku wa Goma mtu hatembei ovyo, na mumewe alikuwa huko nje na marehemu upande mmoja na hatari za walio hai upande wa pili. Alisali rozari, akaanza tena. Majogoo wa kwanza walikuwa wanawika alipozisikia hatua juu ya mawe, zimechoka, zinaburuta, na alizitambua kati ya zote. Alitoka mbio mpaka kwenye lango la bati.

"Mama Joyeuse," mumewe alisema nyuma ya bati. "Fungua."

"Umefika? Umemufikisha?"

"Nilimufikisha. Mpaka kwenye kaburi kabisa. Nilisema usiku mwema, muzee, nikageuka."

Mkono wa Nshobole ulikuwa tayari kwenye komeo.

"Halafu?"

Vidole vya Munguakonkwa vilikwaruza bati.

"Halafu akasema haifai nirudi peke yangu gizani. Ningemukatalia namna gani, Mama Joyeuse? Ni muzee."

Nje ya lango, juu ya jiwe, fimbo iligusa mara mbili, tok, tok, kwa adabu. Nshobole alibaki ameshika komeo, hawezi kulifungua na hawezi kumwacha mumewe nje. Nyuma yake, ndani ya nyumba, vilisikika vinyayo vidogo vikienda sebuleni. Mlango wa kabati ulilia. Huko kabatini zilibaki chupa nyingine zote, zimepangwa vizuri, hazijafunguliwa hata moja, na Joyeuse alikuwa anapanga glasi mezani.